Umempima na Panya

Taarifa ya msiba ilinikuta sokoni Tunduma nikichagua nyanya. Aliyepiga simu ni binti wa rafiki yangu mzee, mfuga nyoka. "Baba mdogo, baba ametutoka asubuhi hii," alisema. Pole nilimpa, ndugu msomaji, na niliitamka vizuri tu. Lakini kwa kuwa tumezoeana katika ukurasa huu wa gazeti, wacha nikwambie ambacho yeye sikumwambia. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la huzuni. Niliwaza, wale nyoka sasa watakuwa wa nani? Nilisimama na lile wazo na nyanya yangu mkononi muda mrefu, hata muuzaji akadhani nalalamikia bei, akaniongezea moja.

Marehemu alikuwa mpima kahawa. Miaka yake yote ya kazi alisimama kwenye mizani ya chama cha wakulima kule Hasamba, na wakulima walikuwa radhi kuvuka vituo viwili na magunia yao ili wapimiwe na yeye. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba. Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, mtu wa chuo na cheti ukutani. Naanza na hilo kwa sababu wivu wangu ulizaliwa hapo. Alipostaafu akawa anaitwa kila nyoka anapoonekana shambani; anamkamata, anampeleka porini, anarudi kunywa chai. Watu wa Maliasili wakamjua, wakampa kibali cha kufuga wachache wa kuwaonyesha wanafunzi. Bustani moja ya nyoka ya mkoa wa mbali ilipofungwa, wakamletea chatu watatu wa aina ambayo huku kwetu haipo. Ni chatu wadogo wenye asili ya Afrika Magharibi, wale ambao wakiogopa hujiviringisha mviringo kama mpira na kuficha kichwa ndani. Dume alikuwa wa kahawia iliyopauka. Majike walikuwa wawili, wa tumbo moja, bado wachanga, wa manjano ya kiini cha yai na mabaka meupe.

Nilipowaona wale majike nilitaka mmoja, na nilimsumbua mwenzangu mpaka akaniandikisha kwenye kibali kama mlezi mwenza. Nikampeleka mmoja kwangu Vwawa. Wakawa dada wawili katika nyumba mbili, na mimi kimoyomoyo nikaanzisha mashindano ambayo mwenzangu hakuwa na habari nayo. Alikuwa ameniambia kwamba watoto wa nyoka hawa wanaweza kutoka rangi mbalimbali kwa uzao mmoja, kama maharage ya mbegu mchanganyiko. Nilitaka uzao wa kwanza uwe wangu, na rangi ambayo mkoa huu haujaiona ionekane kwanza nyumbani kwa Mwalimu.

Majirani nao walikuwa na yao. Hapa kwetu mtu akifuga nyoka, watu wanauliza huyo nyoka anamtapikia hela ngapi. Dereva mmoja wa malori, Mzambia, alisimama siku moja kwa mwenzangu kuomba maji, akachungulia ndani, akarudi kinyumenyume akisema kwa Kibemba, "Awe, bashikulu! Insoka!" yaani hapana babu, nyoka hao, na maji hakuyanywa tena. Wazee wa kanisa walimwita mwenzangu wakamhoji. Aliwajibu, "Wazee wangu, hawa wa kwangu hata panya wanamkataa. Hela watazitoa wapi?" Walicheka, na shauri likaishia hapo. Mimi niliporudia utani uleule kwa mchungaji wetu hakuna aliyecheka, na hilo nalo lilinikera.

Ulezi wake ulikuwa wa kuchosha. Alifuga panya weupe kwa pumba na dagaa, na kila nyoka alipata panya mmoja kwa wiki, asiyezidi unene wa tumbo la nyoka mwenyewe. Akishakula, siku mbili haguswi. Akisusa, na nyoka hawa husaka sababu ya kususa hata miezi, habembelezwi. Mzee alikagua maji, akakagua joto, akasubiri. Umeme ukikatika, na baridi ya Mbozi mnaijua, alijaza chupa maji ya moto akazifunga kwenye kanga za mkewe. Kila Jumamosi asubuhi, kabla nyoka hajala, alimpima na kuandika. Jike hakupelekwa kwa dume mpaka atimize miaka mitatu na kilo moja na nusu. "Dume anaweza kuanza mapema," aliniambia. "Ila jike ndiye anayejenga mayai, Mwalimu. Anayajenga kwa mwili wake. Ukimharakisha, atayajenga kwa mifupa."

Nilimsikiliza kama mtu mwenye cheti anavyomsikiliza asiye nacho. Wangu nilimpa panya wawili kila baada ya siku tano. Alinenepa, na mimi nikauita unene ule kukua. Mwaka wa pili ulipokuwa unaelekea kwisha nilimlisha Ijumaa jioni, panya wawili wakubwa, na Jumamosi nikambeba hadi kwa mwenzangu na kumweka kwenye mizani mbele yake. Ikasoma kilo moja na nusu na ushee. Mzee hakuitazama mizani. Aliangalia uvimbe uliokuwa katikati ya nyoka.

"Mwalimu, umempima na panya."

"Panya si ameshakuwa nyama yake?"

"Bado. Leo ni panya tu."

Mtu aliyepima kahawa mbichi, kahawa yenye mawe na kahawa iliyonyunyiziwa maji kwa miaka yote ile, ningemdanganyaje? Nilirudi nyumbani nimefura. Wiki mbili baadaye, nikijua amekwenda kliniki, nilifika kwake nikamkuta binti yake mlangoni. Nilimwambia nimekubaliana na baba yake nimchukue dume. Alinipa, kwa heshima zote, na hata akanisaidia kufunga sanduku.

Yaliyofuata nayasema kwa kifupi kwa sababu yananiuma. Jike wangu alishika mayai, dume nikamrudisha, kisha mayai yakamkwama, akafa akiwa na matano tumboni. Mwenzangu alikuja na jembe lake. Alikaa karibu naye kidogo, kisha tukamzika nyuma ya jiko kati ya mikahawa. Ofisa wa Maliasili alipokuja kukagua na kuuliza jike amekufaje, mzee ndiye aliyejibu. "Ugonjwa, afande," alisema. Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema kwa ajili yangu. Ungedhani nilimshukuru. Nilimchukia mwezi mzima, kwa sababu sasa alikuwa amenizidi hata kwa wema.

Jike wake alisubiri. Alipotimiza uzito, na zaidi, akataga mayai sita, na yote yakaanguliwa. Walitoka wa manjano, walitoka wa kahawia, na mmoja akatoka karibu mweupe mtupu, na mstari mwembamba wa dhahabu mgongoni. Shule niliyofundisha miaka ishirini ilimwalika azungumze na kidato cha tatu. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akawaambia wanafunzi, "Neno jeni nimefundishwa na huyu Mwalimu wenu aliyekaa kule." Watoto wakageuka wakanipigia makofi. Niliyapokea, nikijua ni yake.

Tangu siku ile ya mizani nimeona watu wengi wanaopimwa na panya. Tunduma kijana anaazima gari kwa wikiendi moja, na Jumatatu tunamhesabu tajiri. Mkulima anachuma kahawa mbichi ili gunia lijae haraka, na sisi tunamsifu kwa magunia. Shule inawazuia wanafunzi dhaifu wasifanye mtihani, halafu inatangaza ufaulu. Nasema hili kama mwalimu, na mikono yangu si misafi. Hata misibani tunafanya hivyo, tunamlisha marehemu sifa asubuhi na kumpima mchana. Kwenye mazishi ya huyu mwenzangu haikuhitajika. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema mambo madogo, gunia hili, mizani ile, na yalitosha. Nilisikiliza nikahesabu nani atasimama kusema hivyo kwangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa wamepungua, binti yake alinikaribisha barazani. Ofisa wa Maliasili alikuwepo na fomu yake. Ndani alikuwamo yule mweupe, jike, sasa ana miaka miwili na miezi kadhaa, kilo moja na robo, amebakiza kidogo tu. Chumba cha kumweka kule kwangu nilishakipaka rangi. Taa ya joto nilishainunua.

"Baba mdogo," binti alisema, "baba aliniachia mimi niamue. Ila alisema nikuulize kwanza. Yule wa kwako alikufaje?"

Alikuwa ananitazama usoni, binti yuleyule aliyenipa dume mlangoni. Jibu la kweli lilikuwa maneno matatu, na marehemu mwenyewe alishanifundisha namna ya kuyasema.

"Ugonjwa," nilijibu.

Alitikisa kichwa polepole. "Haya, baba mdogo. Asante." Kisha akamwambia ofisa wawachukue nyoka wote. Gari lilikuja saa tisa alasiri, na mimi nilisaidia kubeba masanduku. La mwisho lilikuwa la yule mweupe. Ndani alikuwa amejiviringisha, kichwa hakionekani.

Ninamwonea wivu hata leo, na yuko kaburini. Namwonea wivu kwa subira yake, kwa mizani yake, na kwa binti anayeuliza swali moja na kunyamaza. Uongo ule aliniazima nijisitiri siku moja tu. Nadhani alitarajia niurudishe, na mimi nikaufanya nguo ya kila siku. Hilo ndilo nililojifunza, nimechelewa: mtu akikufichia aibu yako anakupa muda wa kuitoa mwenyewe, na muda huo huisha.

Mwanangu uliyeniuliza barazani, kama unasoma hapa, jibu ni hili: nilimpima na panya. Naandika haya Jumamosi asubuhi, na sijala kitu.