Kitunga cha Udongo Kutoka Lubero

Nakumbuka siku moja mama yangu aliposhuka kwenye lori hapa Bunia, akitoka kwao Lubero, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia kitunga kilichofunikwa majani ya mgomba. Ilikuwa miaka ya Zaire, mwanangu, nami ni mke mpya. Mume wangu Kambale alikiona kile kitunga, akameza mate. Mama mkwe akitoka mbali namna ile, huja na nyama iliyokaushwa! Kilipofunuliwa, ndani mlikuwa na udongo mweusi wenye vipande vya mizizi ya mihogo.

Ngoja nikueleze taabu yetu. Shamba letu la Mudzipela lilikuwa la mfyatua matofali. Alichimba udongo wote wa juu, akatuachia chini pekundu, pagumu kama chungu. Kambale naye alipenda usafi kupita kiasi. Alichoma kila jani, akafagia shamba likang'aa. Mara mbili tulipanda mihogo, na mara mbili kiangazi kikaikausha. Akaapa kwamba ya tatu ikifa anakwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na nilijua wanawake waliobaki wakiitazama barabara ile mwaka hata mwaka. Niliogopa sana, sikufichi.

Katika ukoo wetu mume hasemi na mama mkwe uso kwa uso, ndiyo heshima. Basi tulisimama shambani, wao wamepeana migongo, mimi katikati nikiwa mkalimani.

“Weye, uliza mama yako,” Kambale akasema kwa sauti ya kusikika hata kwa jirani, “ile udongo iko ya nini? Siye huku hatuna udongo?”

“Ambia bwana yako,” mama akajibu akitazama mlima, “udongo yake ilisha kufa. Hii yangu iko muzima. Nitatia kidogo-kidogo mu kila shimo.”

“Umwambie watu watasema tunazika dawa!”

“Umwambie hao watu watakuja kuomba sombe.”

Sombe ni yale majani ya mihogo, na kwa wakati ule shamba zima halikuwa na jani hata la kumlisha sungura. Nilicheka nikajishika tumbo. Kambale akanuna, lakini mwishowe akatoa nusu ya shamba tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama aliinama kutwa, akatia udongo wake, akapanda mihogo, akafunika ardhi kwa nyasi kavu, kisha akarudi kwao; Kambale akapanda nusu yake kama kawaida.

Kiangazi kikaja na upepo wake. Nusu ya Kambale ikawa njano, ikapukutisha majani. Nusu ya mama ilinyong'onyea mchana, jioni ikasimama tena, kijani. Kambale aliizunguka kila asubuhi, mikono nyuma. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo!

Asubuhi moja nikaamka, hayupo, na magunia hayapo. Nikajua ni Mongbwalu. Nililia mpaka macho yakavimba, majirani wakaja kunipa pole na, kwa kuwa walikuwa wamefika, wakachuma sombe.

Juma lilipoisha, lori likasimama. Kambale alikuwa juu ya mzigo, mweusi kwa vumbi, amekalia magunia ya udongo.

“Unalia nini?” akauliza. “Nilienda kwa mama yako. Nilimuomba mwenyewe, na kinywa yangu.”

Mongbwalu haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Baadaye agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, alitueleza kwamba ndani ya udongo mzima mna uyoga mwembamba kuliko unywele, nao hushikana na mizizi. Huitafutia maji na chakula mbali, nao mmea huulisha. Moto na kulimalima ovyo huuua uyoga huo.

Basi, mwanangu, usichome shamba lako ili lipendeze macho. Lifunike, acha mizizi midogo inayobaki baada ya kuvuna ioze humo humo, na ukifungua shamba jipya, leta udongo kidogo kutoka lile lenye afya. Na kabla hujafunga safari kwa kukata tamaa, uliza ni kitu gani kinakosekana hapo ulipo, ukakiombe kwa anayekijua, hata heshima ikikuziba kinywa. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Mungu akunyeshee kwa wakati wake, akupe mizizi inayosaidiana, na mkwe asiyechoka kupanda lori kwa ajili yako.