Askari Wote wa Musembi Wana Sura Moja

Sipendi stori za majini. Mtu akianza na usiku wa manane na bundi juu ya mabati, mimi nafunga ukurasa naenda kusoma michezo. Kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Hii maneno ilitokea mchana, hapa Machakos mjini, kwa chumba kimoja kiko nyuma ya saiba ya intaneti, redio ikicheza na watu nje wakibishana bei ya maembe. Wenye maduka ya hapo waliona. Wengi hawataki kuongea. Mimi nitaongea.

Musembi ni mchongaji. Alizaliwa Wamunyu, na kwao walikuwa watu wa twiga. Jirani upande huu walichonga vifaru, jirani upande ule simba, na kwao ni twiga, asubuhi twiga, jioni twiga. Babake alimfundisha kitu moja tu: usiangalie picha. Ukiangalia picha utachonga picha. Fuata mkono. Mkono ukishajua njia, wewe kaa kando uangalie ukienda.

Halafu watalii wakapungua, twiga wakajaa stoo wakapigwa na vumbi, na Musembi akapanda mjini kutafuta kazi ingine. Alikuwa anarekebisha viti na kuchonga miiko wakati Gareth alimpata.

Huyu Gareth alikuwa mwalimu mzungu wa kujitolea, kijana mrefu wa kuungua jua. Alikuwa na masanduku ya askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba. Si askari kama wa hapa. Hawa ni wa vita vya nyota, wa miaka elfu ijayo, na bunduki za miale na mashine za kutembea kama kaa. Huko kwao watu wazima wanawapanga juu ya meza, wanapima mwendo kwa rula, wanarusha dadu, wanauana mpaka jioni. Usicheke. Hapa kuna wazee wanakataa chakula juu ya timu ya Uingereza imefungwa.

Askari wakitoka kiwandani walikuwa wamefunikwa kofia za chuma, macho makubwa kama ya nzi. Gareth hakupenda.

"Wakate vichwa," akasema. "Wape sura za watu."

"Sura za nani?"

"Zozote."

Basi Musembi akaanza. Anakata kichwa na wembe. Anachanganya ile puti ya mafundi wa bomba, anaweka kidonge kama punje ya mtama juu ya shingo, anachonga na sindano ikiwa bado laini. Ikikauka, anapaka rangi na burashi amejitengenezea na nywele za sikio la mbuzi. Halafu anafanya kitu walikuwa wanafanyia twiga huko Wamunyu: anapaka kiwi ya viatu, anapangusa na kitambaa. Ile nyeusi inabaki kwa mikunjo, na sura inaamka. Mwisho kabisa ni macho, nukta mbili na ncha ya mwiba wa mgunga. Zile kofia alizokata hakutupa. Aliziweka kwa mkebe wa Blue Band.

Gareth akarudi kwao lakini masanduku yakaendelea kuja kwa posta, na Musembi akawa anayarudisha yakiwa na watu ndani.

Siku moja aliwapanga dirishani wakauke, akarudi nyuma kuangalia. Walikuwa mtu mmoja. Kila askari, yule amepiga goti, yule anarusha bomu, yule anapanda mashine, wote kijana mmoja mwenye paji pana na midomo ya kubana kama amekatazwa kucheka. Na sikio la kushoto, kila mmoja, lilikuwa na pengo.

Musembi akadhani ni mazoea, kama twiga. Kiama wa saiba alimsaidia kumwandikia Gareth kuomba msamaha. Gareth akajibu amefurahi sana. Akasema kwa huo mchezo wake watakuwa jeshi la mtu mmoja aliyenakiliwa mara elfu, na asibadilishe.

Hapo ndipo Mukai aliingia.

Mukai ni mama wa kuuza ndengu sokoni, anakaa huko juu kuelekea milima ya Iveti. Alileta kigoda kimevunjika mguu. Aliweka kigoda chini, akaona dirisha, akasogea karibu mpaka Musembi akaacha kazi.

"Fundi, huyu umemwona wapi?"

"Nani, mwaitu?" Musembi akamwita hivyo, mama kwa Kikamba.

"Huyu. Muli wangu."

Musembi akacheka. "Mwaitu, huyo anaenda vita ya nyota. Si wa huku."

"Nimeuliza umemwona wapi."

"Sijamwona mahali. Nimemtengeneza juzi."

"Na sikio?"

"Nilidhani ni wembe imeteleza."

"Wembe imeteleza kwa wote?"

Muli ni mtoto wake wa mwisho. Aliumwa sikio na mbwa akiwa mdogo. Alifanya kazi kidogo kwa kiwanda cha nguo huko Athi River, akachoka, akawa utingo wa lori. Lori ikaenda Kongo. Krismasi ikapita, ingine ikapita, hakuna simu, hakuna lori. Picha yake hata moja haikuwa nyumbani; ile moja aliondoka nayo. Musembi hakuwa amemjua Muli hata kwa jina.

Tangu hiyo siku, posta ikileta sanduku, Mukai alijua. Usiniulize vile alijua. Alikuja, akakaa kwa kigoda chake, akaangalia sura zikitoka chini ya sindano.

Na sura zikaanza kusonga na wakati. Sanduku lililofuata, Muli alikuwa na ndevu.

"Hakuwa na ndevu," Musembi akasema, kama anajitetea.

"Amekua," Mukai akasema.

Sanduku lingine, ndevu zimekatwa na kuna kovu jipya kidevuni. Sanduku lingine, mashavu yameingia.

Kiama alikuwa anasimama mlangoni akifanya mzaha. "Musembi, nitengenezee wa bibi yangu, nione huwa anaenda wapi Jumamosi."

"Wewe Kiama, bibi yako anaenda choir."

"Basi mtengenezee mdomo wazi, nisikie kama anaimba."

Alicheka hivyo mpaka siku Musembi alimwomba awahamishe askari watoke kwa jua. Kiama aliwapanga vizuri kwa rafu, migongo ikiangalia ukuta, akatoka kuita mteja. Aliporudi walikuwa wamegeuka, wote, wanaangalia njia ya kwenda Iveti. Musembi alikuwa mezani, hakuwa amesimama. Kiama hakufanya mzaha tena. Alianza kuingilia mlango wa mbele wa saiba, asipite kwa Musembi.

Musembi akamsihi Mukai asikuje kila mara. Mukai akakuja. Kila sura ilikuwa imekonda kuliko ile ya kabla yake, na yeye akawa anakonda nayo. Akaacha kula. Mabinti zake wakamletea padre, padre akasema polepole kwamba labda ni wakati wa kumsomea Muli misa ya marehemu, wapumzike wote. Mukai akasema atangoja sanduku moja.

Sanduku likakuja. Na sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo huyu fundi aliharibu.

Musembi alifanya kazi peke yake asubuhi hiyo, mlango amefunga. Askari wa kwanza alipomaliza kumpaka kiwi, alimwangalia, akamweka chini. Akachukua puti tena. Akaongeza shavu la kulia, akaongeza la kushoto, akajaza shingo, akajaza macho, akaweka nukta mbili mpya juu. Mchongaji yeyote wa kuuzia watalii anajua hii: mteja akitaka twiga anacheka, unampa twiga anacheka. Wengine kwa hilo sanduku hakuwapa sura kabisa. Aliwarudisha kwa sanduku, akafunga na kamba.

Mukai akaingia. Akamwona yule mnene.

"Aiya! Fundi! Anakula!"

"Anakula, mwaitu."

"Mwangalie shingo! Mtu wa shingo kama hii ako na bibi anampikia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliomba apewe huyo, na Musembi akampa, ndani ya kiberiti. Jioni hiyo Mukai akala ugali na maziwa, wa mtu mzima. Akamwambia padre akae na misa yake. Halafu akauza fahali, akanunua mabati na mbao, akaanza kujengea Muli nyumba, kwa sababu mtu hawezi kurudi na bibi alale jikoni kwa mamake.

Mabinti walikuja kwa Musembi wakamwambia, "Wewe unajua nini?" Akasema yeye anatengeneza tu midoli. Nyumba ikapanda mpaka kwa lenta, pale juu ya madirisha. Na Musembi akaacha kushika puti. Akawa anapaka rangi bunduki na viatu, bunduki na viatu, na ile kamba ya sanduku hakufungua.

Mukai alirudi siku ya soko. Hakusalimia. Akaweka kiberiti mezani, akakifungua.

"Fundi, mtoto wangu anabanduka."

Alikuwa anatembea naye kila siku, akimpapasa shavu na kidole gumba akiuza ndengu. Na shavu la kulia lilikuwa limetoka, zima, kama ganda la njugu. Lilikuwa hapo kando yake kwa kiberiti.

"Hiyo ni kiwi, mwaitu," Musembi akasema haraka. "Puti haishiki juu ya kiwi. Ni makosa yangu. Nipe nirudishe."

"Urudishe nini?"

"Shavu."

"Kwa nini mtoto wangu ako na shavu juu ya shavu?"

Redio ilikuwa inasoma bei za mahindi. Kiama alikuwa amesimama pale mlango wa nyuma kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

Musembi akanyoosha mkono. Mukai akasogeza kiberiti.

"Usimguse. Nitaona mwenyewe."

Akamtoa puti na kucha. Shavu la kushoto. Shingo. Ilikuwa inatoka bila nguvu, safi, kwa sababu kiwi ilikuwa nzuri. Macho ndiyo ya mwisho. Ile puti ya macho ilianguka vipande viwili, nukta ikiwa bado inaangalia juu kutoka mezani. Chini yake kulikuwa na ile sura Musembi aliona asubuhi ile akaifunika. Mifupa. Midomo imeachilia, haibani tena. Na kope zimefungwa.

Musembi hajawahi kuchonga mtu amefunga macho. Mpaka leo anasema hajui vile inafanywa.

"Ulimwona hivi," Mukai akasema.

"Nilimwona."

"Ukanipa mnene."

"Ulikuwa umeacha kula, mwaitu."

"Nimeuza fahali, Musembi."

Hakupiga kelele. Kiama anasema afadhali angepiga. Alikaa kwa kigoda chake na askari kwa kiganja, watu wakipita nje na magunia. Halafu akauliza, "Zile kofia zao uliweka wapi?"

Musembi akampa mkebe wa Blue Band. Mukai akamwaga kofia kwa leso mapajani. Zote zilikuwa sawa, za kiwanda kimoja, lakini alichagua kama mtu anachagua mahindi ya mbegu, akirudisha hii, akishika ile. Alipopata, akaomba gundi. Musembi akachimba kofia ndani, akakata kile kichwa nyuma kikawa chembamba, ili kofia iingie, Mukai amemshikia kiwiko. Mukai akaweka tone moja. Akamfunika mtoto wake mwenyewe, akabonyeza, akangoja.

Gundi ikashika vidole vyake pia. Musembi alipasha maji, akatafuta kateksi rimuva, ile ya kutoa rangi ya kucha, kwa dada wa saluni, akavilowesha mpaka vikaachilia. Mukai hakuharakisha. Ngozi kidogo ilibaki kwa kofia.

Misa ya marehemu ilisomwa. Hakukuwa na mwili, na hakuna mtu aliuliza padre alibariki nini ndani ya kile kiberiti. Kilizikwa kando ya ile nyumba mpya, na nyumba Mukai aliimaliza akahamia mwenyewe. Mpaka leo hakuna mtu ametoka Kongo na habari. Usiniambie basi hatujui. Mimi najua hatujui. Nenda umwambie Mukai.

Musembi alifungua lile sanduku lenye kamba, akawavalisha wote kofia zao, akampelekea Gareth. Kwa miezi mingi alikataa sura. Watu wakaanza kumjia, wale wenye mtu alipotea, wakileta nguo, wakileta cheti cha ubatizo. Aliwafukuza na tezo mkononi.

Lakini mkono ni mkono. Wiki jana kulibaki puti kidogo kwa meza, akawa anaifinyanga huku anasikiza mpira kwa redio. Alipoangalia chini, msichana. Nywele za matuta, jino la mbele limepanda lingine. Hamjui. Nimemwona mimi mwenyewe, na mimi pia simjui.

Mukai bado huja siku ya soko. Analeta uji kwa chupa, anakaa kwa kigoda akipa meza mgongo. Nilikuwa hapo Musembi akisogeza kitambaa juu ya ile puti, akijifanya anapanguza meza.

"Amekuja mwingine?" Mukai akauliza, bila kugeuka.

"Amekuja."

"Wa nani?"

"Sijui, mwaitu. Msichana. Nataka kumfunika."

Mukai akamwaga uji kwa kikombe, akaupuliza.

"Usimfunike. Mweke dirishani, kuna mtu anamtafuta." Akanywa kidogo. "Lakini usimnenepeshe."