Riwaya Iliyokatwa Vipande Vitatu

Alizeti kavu inayopigwa kwa fimbo ina harufu ya vumbi na mafuta kwa pamoja, na ukishinda nayo kutwa hata ugali wa jioni unanukia alizeti. Likizo ya Juni nilipokuwa darasa la sita, pale Kinampanda, niliinusa harufu hiyo nikiwa na hasira tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hasira yenyewe ilikuwa ya kitabu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na riwaya moja ndefu, nene kama tofali, nasi wanafunzi watatu tukiigombania: mimi, Elia na Salma. Ili kumaliza ugomvi alifanya jambo ambalo hadi leo sijui nilisifu au nililaani. Alichukua wembe, akaikata vipande vitatu, akakishona kila kimoja kwa uzi wa magunia. Elia akapewa mwanzo, Salma mwisho, mimi katikati. Kila Jumamosi tukutane gulioni tubadilishane, na shule ikifunguliwa tuisimulie darasani.

Hebu fikiria kuanza riwaya katikati. Watu wanalia msibani nami simjui marehemu. Kuna mama aliyeondoka, watoto wake wanamngojea ukurasa baada ya ukurasa, na sijui alikwenda wapi wala kwa nini. Nilisoma nimekaa juu ya gunia, fimbo mapajani, mama akinikemea kwa Kinyiramba kwamba alizeti haijipigi yenyewe. Jumamosi nilifika gulioni kabla wauza vitunguu hawajatandika. Elia alikuja, tukabadilishana. Salma hakuja. Jirani yao akatuambia kwamba baba yake amekwenda Sekenke kuchimba dhahabu, na jana yake ameondoka na familia nzima.

Nilikisoma kipande cha Elia kwa pupa. Kila kitu kikanyooka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana sasa nilijua hasa nilichonyimwa. Je, yule mama alirudi? Nilizunguka na swali hilo shambani na kisimani, nikawa mkali kwa kila mtu. Mama alisema subira yavuta heri. Yangu haikuvuta chochote. Shule ilipofunguliwa, mimi na Elia tulisimama mbele tukasimulia riwaya isiyo na mwisho, darasa likatuzomea. Nilimwita Salma mwizi watu wote wakisikia. Dawati lake lilibaki wazi mwaka mzima, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini harudi.

Siku hizi kila likizo ikikaribia rafiki zangu hunitumia kwenye simu orodha za riwaya ndefu za kusoma. Nanunua, napanga kwenye rafu, nafika ukurasa wa arobaini, simu inalia, basi. Ile ya utotoni niliipata nzima nilipoanza kazi. Nilifungua sura ya mwisho nikiwa nimesimama dukani. Mama yule alirudi. Nilidhani hasira itaisha, kumbe nilikasirika upya: yaani ni hili tu?

Mwaka jana nikiwa safarini, basi lilisimama kwenye mnada mmoja karibu na Sekenke, nikamkuta Salma akiuza nyanya. Baada ya salamu nikamtania kwamba nina kesi naye ya kitabu. Alicheka. Akanieleza kwamba shule yake iliishia wiki ile ile. Alikwenda kuponda mawe na mama yake, na kipande kile ndicho kilichokuwa kitabu pekee nyumbani kwao. Alikisoma hadi uzi ukakatika. Nyani haoni kundule: miaka yote nimelia na theluthi mbili mkononi. Kisha Salma akajifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia kwa makini.

“Mimi kuna kitu kimoja kimenishinda hadi leo,” akasema. “Yule mama aliyerudi, kwani aliondoka kwa nini?”

Nikakaa juu ya ndoo nikaanza kumsimulia. Wateja wakatukatiza, akawapimia, nikarudia. Tulikuwa tumefika kwenye msiba dereva alipopiga honi mara ya tatu. Nami, mtu mzima mwenye rafu nzima ya riwaya nyumbani, nikainuka nikakimbilia basi, nikamwacha katikati.