Kornelia Aliyewasalimia Waliomtenga

Alizaliwa Ipililo, wilayani Maswa, mwaka 1958, wakati pamba zilipokuwa zimepasuka na watu wote wako shambani. Baba yake alikuwa mzee Nyanda, mkulima, na mama yake Mektilda, na wote wawili walibatizwa ukubwani, siku moja, kwa maji ya kibuyu kimoja. Kornelia alijifunza rozari kwa mama yake kabla hajajua kusoma. Hakujifunzia kanisani, maana kanisa lilikuwa mbali. Alijifunzia katikati ya mistari ya pamba, mama akisali kwa sauti huku mikono ikichuma na mtoto akiitikia nyuma yake na kikapu kidogo. Siku moja, walipofika kwenye matendo ya uchungu, mtoto aliuliza, “Mayu, Maria alifanya nini pale msalabani?” Mektilda akajibu, “Alisimama.” Mtoto akaona jibu ni fupi mno. “Basi?” Mama akaacha kuchuma, akamgeukia. “Wewe unadhani kusimama ni kazi ndogo? Ungeona mwanao anauawa na watu wanacheka, ungesimama?” Kornelia alisimulia maneno hayo maisha yake yote, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba siku ile alijua yeye angekimbia.

Mwaka 1978 aliolewa kanisani na Fredrick, kijana mpole wa kijiji kimoja kilicho mwendo wa asubuhi kwa miguu kutoka Ngulyati, upande wa Bariadi. Jina la kijiji hicho hatulitaji, kwa kuwa watu wake wamekwisha kupatana na si vema kuwafukulia yaliyozikwa. Walilima pamba na mahindi, wakafuga ng’ombe wachache, wakazaa watoto, wengine wakawazika. Fredrick alipofariki mwaka 2003, ndugu walitaka Kornelia arithiwe na shemeji yake kama desturi ilivyokuwa. Alikataa kwa heshima, akabaki katika mji wake wenye ua wa minyaa, na Wakatoliki wachache wa kijiji hicho wakamchagua kuwa kiongozi wa jumuiya yao ndogo. Padre alifika kigangoni kwa nadra, hasa masika, barabara ikikatika. Kwa hiyo imani ya watu wale ilitegemea sana rozari ya jioni nyumbani kwa Kornelia. Yeye ndiye aliyewazoesha kusali tendo la tano la uchungu, la Yesu kufa msalabani, wakiwa wamesimama wima, wazee kwa watoto. Hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mbishi, alipenda mazungumzo marefu, na sauti yake ya kuimba haikuwa nzuri, wala yeye mwenyewe hakujua kwamba haikuwa nzuri.

Jaribu kubwa la maisha yake lilikuja mwaka 2015. Mwaka huo watoto kadhaa kijijini walikufa kwa homa, na ng’ombe nao wakafa. Uchungu ulipozidi, watu walimwita kutoka mbali mtu mmoja aliyejiita mtambuzi wa wachawi. Alifika na dawa yake ya kunywa, akawaamuru wote wainywe na kuchanjwa, kisha akazunguka mkutanoni akiwatazama watu usoni. Akasimama mbele ya Matilda. Matilda alikuwa mjane mzee, Mkatoliki wa jumuiya ya Kornelia, mwembamba, mwenye ulimi mkali na macho mekundu. Kwetu Simiyu kila mtu anajua maana ya kidole kuelekezwa kwa bibi mwenye macho mekundu. Wengi wameuawa kwa panga kwa sababu hiyo tu.

Mkutano uliongozwa na Mashimba, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ambaye alikuwa binamu wa marehemu Fredrick. Kornelia aliinuka kutoka upande wa akina mama.

“Shemeji,” alisema, “macho ya Matilda ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng’ombe tunayopikia, kwa sababu kuni hakuna. Yangu ni hivyo hivyo. Ya mama yako mzazi ni hivyo hivyo. Tukiwamaliza wenye macho mekundu, kesho ugali mtapikiwa na nani?”

Akina mama walicheka, na hata wanaume wawili watatu. Mashimba hakucheka. “Unajua kutania, shemeji. Basi ninyi Wakatoliki kunyweni dawa kama wenzenu, yaishe.”

“Kuinywa ni kukubali kwamba Matilda ni mchawi. Hatunywi.”

Jioni hiyo hiyo Kornelia alimhamishia Matilda nyumbani kwake. Padre wao, Kristofa, alipopata habari alitaka kumpeleka bibi huyo parokiani kwa usalama, lakini Matilda alikataa kuondoka. “Nikikimbia,” alisema, “watasema, mnaona, alikuwa mchawi kweli. Na wajukuu zangu watabaki wajukuu wa mchawi.” Kornelia akamwambia padre, “Basi akibaki yeye, tunabaki naye.”

Sungusungu wakatoa hukumu ya kuwatenga Wakatoliki wote wa kijiji hicho mpaka wamtoe Matilda. Aliyekulia Usukumani anajua kwamba adhabu hiyo ni nzito kuliko viboko. Hakuna kuazimana moto wala jembe. Bombani mnasubiri hadi wa mwisho achote. Mkipiga yowe hakuna atakayekuja, na mkifiwa mnazika wenyewe. Lakini lililo gumu kuliko yote ni kwamba hakuna mtu wa kuwasalimu wala kuitikia salamu yenu, nanyi ni watu ambao tangu utoto mmefundishwa kwamba asiyesalimiwa amekwisha kufa. Faini ya mtu atakayesema nao hata neno moja ilikuwa ng’ombe dume.

Wiki za kwanza waliona ni mzaha utakaopita. Baadaye mioyo ilianza kulegea. Amoni, kijana aliyekuwa ameoa karibuni, alikuja kwa Kornelia akiwa amekata tamaa. “Mayu, nimechoka. Leo mtoto wa mjomba wangu, tuliyechunga naye, amenipita kama anavyopita nguzo. Mke wangu analia kila siku. Mimi nitakunywa hiyo dawa. Mungu anajua moyo wangu.” Kornelia hakumkaripia. Alikaa naye muda mrefu, na kwa mara ya kwanza alikiri mbele ya mtu kwamba yeye mwenyewe anaogopa, na kwamba kila asubuhi njiani kwenda bombani anatamani kurudi. Kisha akasema, “Walituamuru tusisalimiwe. Hakuna aliyetuamuru tusisalimu. Malaika aliingia kwa Maria kwa salamu, na Maria mwenyewe alipanda milimani kumsalimu Elisabeti. Kuanzia kesho tunamsalimu kila mtu. Asiyejibu, unamsalia Salamu Maria moja, kimoyomoyo, kwa jina lake.”

Walianza kesho yake. Kornelia alisimama kando ya bomba na ndoo yake na kumwambia kila apitaye “Mwangaluka,” salamu ya asubuhi ya Wasukuma, akitaja jina, akiulizia watoto, akiulizia mifugo, na kujibiwa na mlio wa mpini wa bomba peke yake. Mwanzoni watu waliona ni kiburi, wengine wakamtemea mate miguuni. Yeye akaendelea. Baada ya muda Amoni alirudi na uso mwingine kabisa. “Mayu, leo nimemaliza rozari nzima kabla sijafika shambani! Kijiji hiki kimejaa watu wabaya, mtu unasali mpaka unachoka.” Kornelia alicheka hadi akakaa chini. Tunaandika jambo hili kwa sababu wengi hudhani watu wa Mungu huvumilia mateso kwa nyuso za huzuni. Jumuiya ile iliteswa, lakini ilicheka, na hakuna hata mmoja wao aliyekunywa dawa.

Mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, pamba zilikuwa zimekwisha kuvunwa na vijana hawana kazi. Maneno yakaenea kwamba kumtenga Matilda hakutoshi. Jioni moja, ng’ombe wakirudi zizini na jua likigusa vilima, kundi la vijana lilikuja hadi kwenye ua wa Kornelia na galoni ya petroli. Aliyewaongoza alikuwa Malimi, mtoto wa Mashimba mwenyewe. Ndani jumuiya ilikuwa katika tendo la tano, wote wamesimama, Matilda katikati yao. Amoni alichungulia, akaruka kuchukua panga. “Lirudishe, Amoni,” Kornelia alisema. “Ongoza wewe. Salamu Maria hiyo isiishie njiani.” Akatoka peke yake na rozari mkononi, akasimama mlangoni mwa ua. Baadaye alimwambia Padre Kristofa kwamba hakumbuki sala hata moja aliyoisema isipokuwa kwamba alimwomba Bikira Maria amsaidie asianguke.

Kisha akafanya alichokuwa amekifanya kila siku kwa miezi ile yote, safari hii kwa salamu ya jioni.

“Mwadila, Malimi, mwana wa Mashimba. Mama yako ameshindaje? Nilimwona anachechemea. Mguu wake umepona?”

Malimi alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Kabla akili yake haijafika, malezi yake yalikuwa yamefika. Aliinamisha kichwa, akakunja goti kidogo kama mtoto mbele ya mkubwa, akajibu, “Mwadila, mayu. Ameshinda salama. Mguu umepona, anaenda shamba.”

Vijana wote walimgeukia. Halafu mmoja wa wenzake akasema, “Malimi. Umejibu.”

“Sijajibu.”

“Umejibu! Na goti umepiga!”

“Ni mdomo tu umejibu, mimi sijajibu.”

“Dume hilo! Toa dume, mwana wa kamanda!”

Wakaanza kubishana, wengine wakimcheka Malimi, wengine wakidai kwamba kukunja goti bila kusema si kosa lakini yeye amefanya yote mawili. Aliyebeba galoni aliitua chini ili apate mikono ya kubishania. Kutoka ndani sauti ya Amoni ilisikika ikiongoza, na watu wakiitikia, “Utuombee sisi wakosefu.” Ghadhabu iliyowaleta ilikuwa imewatoka, nao hawakujua imekwenda wapi. Mmoja mmoja waliondoka, na Malimi akawa wa mwisho, uso umemshuka. Galoni ilibaki pale.

Habari ilifika kwa Mashimba kabla ya Malimi. Siku iliyofuata aliitisha mkutano, akasimama na fimbo yake, na wote waliona kwamba hakulala. “Sheria ni sheria,” alisema. “Mwanangu amewajibu waliotengwa. Atatoa dume.” Hapo mama mmoja aitwaye Kabula, mke wa mmoja wa sungusungu, akainuka polepole.

“Basi jengeni zizi kubwa,” alisema, “kwa sababu hata mimi nilimjibu. Bombani. Kwa sauti ndogo, lakini nilijibu. Aliniulizia mtoto wangu aliyekufa, kwa jina. Nyie hakuna aliyeniulizia.”

Mumewe alimtazama kwa mshangao, kisha akatazama ardhi, akasema, “Na mimi.” Sauti nyingine nyuma ikasema hivyo hivyo, na nyingine, hadi mzee mmoja akauliza kwa hasira ni nani basi aliyebaki wa kukusanya hayo madume. Watu wote wakamtazama kamanda. Mashimba alikohoa.

“Asubuhi moja nilikuwa peke yangu na ng’ombe,” alisema. “Akaniambia, Mwangaluka, shemeji. Nikageuka nyuma, sikuona mtu. Nikaitikia.”

Walioshuhudia wanasema kijiji kizima kilicheka kama watu waliotua mizigo ya kichwani kwa pamoja. Mtambuzi wa wachawi hakuonekana tena. Mashimba alikwenda kwa miguu yake hadi nyumbani kwa Kornelia akamwambia Matilda kwamba amesamehewa. Matilda akamuuliza, “Nimesamehewa kosa gani?” Akasema, “Hakuna kosa, mayu.” Matilda akasema, “Basi kaseme hivyo mkutanoni.” Naye akarudi, akasema. Jioni ile walipomaliza rozari Kornelia alilia, yeye ambaye hakuonekana kulia tangu adhabu ianze, na Matilda akamshika kichwa mapajani mwake hadi alipolala.

Yapo mambo mengine yanayosimuliwa. Wawili kati ya vijana wale husema, hadi leo, kwamba mlangoni waliona wanawake wawili, na kwamba wa pili alivaa buluu. Padre Kristofa alimuuliza Kornelia juu ya hilo. Akajibu, “Padre, mimi sikutazama nyuma, nilikuwa nawatazama wenye petroli. Labda ni kitenge changu nilichoanika kwenye minyaa.” Nasi tunaliacha hapo alipoliacha yeye, tukijua kwamba kupima mambo hayo ni kazi ya Kanisa, si yetu. Yapo pia ya Rachel wa Shishiyu, aliyefukuzwa na wakwe kwa tuhuma kama ile ile. Alisikia habari za Kornelia, akaenda kila Jumapili kuwasalimu wakwe zake kutokea barabarani na kuwasalia, mpaka walipomfungulia mlango.

Kornelia alifariki mwaka 2021, asubuhi ya Jumamosi, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi. Malimi alikuwa ameshabatizwa, na ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi. Watu wa dini zote walikuja, na wasiokuwa na dini. Leo jumuiya ile imekuwa kubwa kiasi cha kugawanywa, na katika vijiji vya jirani watu wakitengwa kwa ajili ya imani yao au kwa kumtetea asiye na wa kumtetea, husimama kwa tendo la tano na kumkumbuka. Sisi tunaotaka kumwiga tusianze na makubwa. Tumtafute mtu mmoja anayetuchukia, tumsalimu kwa jina lake, na asipojibu tumkabidhi kwa Mama Maria bila kuchoka, kesho tena na keshokutwa.

Na kama kuna anayeuliza muujiza uko wapi, aende akaone kaburi la Matilda. Alifariki mwaka 2024, mzee mno, macho yake mekundu vile vile, kitandani kwake, baada ya kula na kuwagombeza wajukuu kwamba ugali ulikuwa laini. Alikufa kwa uzee tu.