Mwaka Tuliopimwa Kila Siku

Mvua ya mawe hainyeshi mara kwa mara hapa Iringo, Musoma mjini, lakini ikinyesha huwa naacha kila kitu. Juzi ilinikuta nachambua dagaa sebuleni. Kilianza kishindo kimoja juu ya bati, kikafuata kingine, halafu paa zima likapigwa kwa pamoja hata redio haikusikika tena. Wajukuu walikimbia uani kuokota barafu na kuitia mdomoni. Mimi nilibaki kwenye kigoda, nimekunja vidole ndani ya kanga, mwanamke mzima mwenye mvi na pensheni yake. Nawaambia ninyi, maana hawa watoto nikiwaambia watanicheka: nilikuwa naogopa kupunguziwa alama.

Nilikulia kwenye vilima vya karibu na Nyamuswa, ambako baba alilima pamba na kufuga ng'ombe wachache. Enzi zile mtoto aliyefika darasa la saba alikuwa na siku moja tu ya kuamuliwa maisha yake. Kaka yangu Makuru alikuwa wa kwanza darasani tangu alipojua kushika kalamu. Asubuhi ya mtihani homa ikampanda. Baba alimbeba kwenye baiskeli akiwa amevingirishwa blanketi, wakamkalisha kwenye dawati, akatetemeka mpaka penseli ikamdondoka. Aliandika jina lake, akalaza kichwa, akasinzia. Majina ya waliochaguliwa yalipokuja la kwake halikuwemo, naye akafunga nguo zake kwenye shuka akaenda kuvua kisiwani Rukuba. Mama akisikia tu neno mtihani alikuwa anatema mate chini.

Kwa hiyo mtaelewa furaha iliyoingia nyumbani kwetu nilipokuwa darasa la sita. Chama kilikuwa kimefanya mkutano mkubwa Musoma mjini, na baada ya muda mwalimu mkuu akatutangazia mstarini kwamba mtihani wa mwisho hautasimama peke yake tena. Tungepimwa kila siku na kwa kila jambo: mazoezi ya darasani, kazi za shamba, usafi, ushirikiano, tabia. Nchi ilikuwa haitaki msomi asiyeweza kushika jembe. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakuwa mtu wa kufurahishwa upesi, aliuliza swali moja tu.

"Na kulala je, nako mnapimwaga?"

Tulicheka sana siku ile. Baadaye ndipo nilipouona uzito wa lile swali.

Mtihani wa zamani ulikuwa na tarehe yake. Uliuogopa kwa kipindi chake, ukaulalia, ukaamkia, ukaisha. Huu mpya haukuwa na mwanzo wala mwisho, na ulikuwa umevaa viatu vya Mwalimu Haule. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Songea, ndiyo kwanza ametoka chuoni, akapewa shamba la shule na alama za kazi na tabia. Hakupiga mtu, hakufoka. Alikuwa anasimama mikono nyuma, anakutazama unavyofagia au unavyogombana na mwenzako, halafu anasema, "Nimeona," na kuondoka zake. Mngemsikia alivyolitamka! Taratibu, bila kukunja uso wala kutabasamu. Tulilipeleka neno hilo nyumbani, tukalizungusha, tusijue kama tumepata au tumekosa.

Basi tukawa vichekesho. Tulimwamkia akiwa ng'ambo ya korongo, tena kwa kupokezana, naye anaitikia marahaba mpaka sauti inamkauka. Mtungi wake wa maji haukuwahi kupungua, na kuni za uani kwake zingetosha kupikia harusi. Kuna mtoto aliyekuwa anawafukuza kunguru kwenye paa la mwalimu, na hakuna aliyemtuma. Mimi niliacha kupanda mipera. Niliacha kucheka kwa sauti. Hata nyumbani nilitafuna ugali polepole, huku natupia macho mlangoni. Asubuhi nyingine nilitapika kabla ya kwenda shule, na mama akanichemshia mitishamba akidhani ni minyoo. Ulikuwa woga, basi. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chatu au radi, kwa sababu chatu unaweza kumkimbia.

Shule ilikuwa imefunguliwa tu mwezi wa kwanza, nami nimeingia darasa la saba, mvua ya mawe iliposhuka. Ilikuja alasiri kutoka upande wa ziwa, na kwa muda wa kuchemsha uji ikawa imemaliza pamba ya kijiji kizima pamoja na ya shule. Miche iliyokuwa imefika kifundoni ililala kwenye tope kama mboga iliyopondwa. Mwalimu Haule alizunguka shambani peke yake, suruali imekunjwa. Alipotukusanya, uso ulikuwa umemsawajika.

"Kesho asubuhi tunapanda upya," alisema. "Msimu hautungoji. Kila mtu aje na jembe lake, na darasa la saba wakumbuke kuwa kazi hii ina alama."

Hakujua alichokisema, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kwetu, mvua ya mawe ikishanyesha, jembe linawekwa ndani. Chuma hakigusi udongo mpaka wazee wa mvua waishughulikie ardhi yao na kutangaza kwamba imepoa. Atakayelima kabla ya hapo anayaita mawe mengine juu ya mashamba ya wenzake, na wenzake hawatamsahau. Wakristo walilishika jambo hili sawa na wasio Wakristo; baba alikuwa mzee wa kanisa, na jembe lake lilikuwa la kwanza kulala uvunguni.

Jioni ile nilikaa jikoni nikilia bila sauti. Nikienda na jembe, baba angeitwa mbele ya wazee na pengine kutozwa ng'ombe. Nisipokwenda, kazi sifuri, tabia sifuri, na sekondari naiaga. Nilimwona akilini Makuru na lile shuka lake. Bibi alikuwa anapepeta ulezi kando yangu.

"Iliyokatazwa ni nini?" aliniuliza.

"Jembe, bibi."

"Chuma. Chuma ndiyo haigusagi udongo. Hii nayo ni chuma?" Akanishika vidole, akavibinya. "Nenda na mikono yako, mjukuu wangu. Mikono haijawahi kukatazwa hapa."

Nikawapitia wenzangu kabla ya jua kuchomoza, nyumba kwa nyumba, nikiwa kiranja wao, nikawaeleza. Karibu wote walikubali. Aliyekatazwa kwenda ni Wegesa, niliyekaa naye dawati moja. Baba yake alitoka katika ukoo wa hao hao wazee wa mvua, na kwake hata kukanyaga shamba siku ile ilikuwa kosa. Wegesa alisimama nyuma yake, ameshikilia kitambaa cha kichwa, ananitazama tu. Alikuwa na akili kunishinda, nasema kweli. Hesabu zilizonichukua ukurasa mzima yeye alizimaliza huku anasuka ukili.

Tulipiga magoti kwenye mistari, tukachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa wa baridi, mweusi, unanuka majani yaliyosagika. Mbegu za pamba tulikuwa tumezisugua kwa majivu ili manyoya yake yasishikane, na majivu yale yakaingia kwenye kucha zilizochubuka yakatuwasha. Mwalimu Haule alikuja na jembe lake begani, akasimama.

"Majembe yako wapi?"

Tuliendelea kuchimba. Kwa mwalimu aliyemtangulia tungesema tu, naye angecheka na kuturudisha darasani. Lakini sasa kila neno lilikuwa na uzito. Ukitaja mwiko, pengine ni ushirikina, na ushirikina ni tabia. Ukinyamaza, pengine ni jeuri. Tuliinamisha vichwa darasa zima.

"Nyangeta. Wewe ni kiranja. Majembe yako wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa jasiri, ila uongo unataka akili iliyotulia, na mimi sikuwa nayo. Ukweli ndio uliokuwa karibu na mdomo.

"Imelala ndani, mwalimu. Mawe ikinyesha, jembe inalalaga. Lakini tunapanda, mwalimu. Tunapanda."

Alichuchumaa, akaingiza kidole kwenye shimo langu kupima kina chake. Akasimama, akapitisha macho kwenye mistari yote.

"Wegesa hayupo," alisema.

Tulirudisha vidole udongoni.

"Nimeona."

Kabla ya saa sita watoto walikuwa wameshalifikisha neno hilo nyumbani kwa kina Wegesa, na kila aliyelibeba alikuwa ameliongezea uzito. Alirudi shuleni wazee walipotangaza ardhi imepoa, lakini alirudi mwili tu. Hakunyoosha mkono tena. Mwalimu akipita karibu, alikuwa anafunika daftari lake kwa kiwiko. Kisha akaanza kukosa siku, kisha wiki. Mimi naye tulikuwa na woga ule ule, tofauti ni kwamba mimi wangu ulinisukuma shuleni. Sikujua lile "Nimeona" la shambani lilikuwa la kwangu au la kwake, na nililala na kuamka nalo miezi yote iliyofuata.

Nilimkuta kisimani mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Nikamsihi arudi, mtihani ulikuwa bado mbali.

"Nirudi kufanya nini?" aliniambia, akijitwisha ndoo. "Mwenzio nilishafeligi mwezi wa kwanza."

Baba yake alipoona binti hasomi, akapokea ng'ombe, na Wegesa akaolewa upande wa Bunda. Nilimwona siku anaondoka. Alikuwa amepakwa mafuta, miguu inang'aa, na alinipungia mkono kwa adabu kama mtu mzima.

Mimi nilifaulu. Nikasoma, nikawa mwalimu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba zile kucha zilizochubuka ndizo zilizonivusha. Nilikuwa na hasira na Mwalimu Haule kwa ajili ya Wegesa, tena hasira ya kweli, sikuwahi kuificha mtu akimtaja.

Kisha, nikiwa nakaribia kustaafu, nikakutana naye hapa mjini, kwenye benchi la kliniki ya macho. Alikuwa mzee wa kuegemea fimbo, ameoa huku huku, anasema "inalalaga" sawa na sisi. Nilimwamkia, nikajitaja, akanishika mikono yote miwili. Tuliongea habari za watoto na miguu inayouma. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza siku ile ya mvua ya mawe alitupa alama gani.

Alicheka mpaka muuguzi akageuka.

"Alama za tabia? Mwanangu, mimi niliwapa wote sawa. Ningeanzaje? Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, naambiwa nipime roho ya mtoto. Aliyeniletea maji alikuwa ananiogopa, asiyeleta naye ananiogopa. Usiku sikulala, nawaza mkaguzi akija atasemaje. Nikawapa wote sawa, nikatulia."

"Na ile 'Nimeona'?"

"Nilisemaje? Nimeona?" Alifikiri. "Labda sikuwa na la kusema."

Nilicheka naye. Nilicheka kweli, nikikumbuka yale maji, zile kuni, wale kunguru. Halafu kicheko kikanikauka, nikamuuliza kuhusu Wegesa. Alikunja uso akimtafuta, asimpate.

"Alikuwa darasa lako?"

"Dawati langu."

"Basi naye alikuwa na alama ile ile," alisema, na muuguzi akaita jina lake.

Nilikaa pale benchi mpaka wagonjwa wakaisha. Utotoni nilidhani hatari ilikuwa kwenye macho ya mwalimu, na kumbe naye alikuwa mtoto mwenzetu anayetazamwa, anayeogopa, asiyejua la kusema. Sasa nasikia watu wanajadili upya kuiondoa ile siku moja ya mtihani. Waiondoe, nawaunga mkono, kwa ajili ya Makuru. Ila anayempima mtoto kila siku amwambie pia anachokiona, hata kama ni kidogo, hata kama hana uhakika. Wegesa hakufelishwa na mtu. Alama zake zilikuwepo muda wote, sawa na zangu, na hakuna aliyekwenda kumwambia.