Mama Majibu Alipoogopa Kuomba

Kanisani walimwita Mama Majibu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa dobi, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyokomazwa na mvuke, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya wageni katika chumba cha nyuma cha duka la kufulia. Lakini akipiga magoti, watu walinyamaza. Alimwombea mwanamke aliyekaa muda mrefu bila mtoto, akajifungua pacha. Alimwombea fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa, akainuka kitandani. Watu, kama kawaida yao, wakawasahau wote walioombewa na bado wakazikwa. Yeye naye aliwasahau kidogo. Sifa ni tamu bwana. Hata anayeitema huimung'unya kwanza.

Mtu mmoja tu hakumhofu wala kumsifu: wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyo alikuwa na mdomo usio na kitasa. Siku moja ndugu walikusanyika nyumbani kwa dobi kuzungumzia mambo ya familia. Dobi anaingia sebuleni na sinia la vikombe vya chai, anamkuta wifi kamshika binti wa dobi kidevu, anamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Huyu mtoto kila siku najiuliza, kafanana na nani?" wifi akasema. "Maana pua hii kwetu haipo."

Watu wakacheka. Kisha wakaona binti hacheki, wakatazama sakafu. Mume wa dobi akakohoa. Akakohoa tu, basi.

Dobi akaweka sinia mezani. Aligawa chai, akaosha vyombo, akalala na neno lile kifuani kama mfupa uliokwama. Asubuhi yake, kwenye maombi ya alfajiri kabla ya kazi, alipiga magoti na kuomba kwa sauti, bila kuficha: "Bwana, mfunge mdomo wifi yangu. Mfunge asiseme tena!" Mshona mapazia, rafiki yake aliyekuwa amepiga magoti pembeni, akaitikia "Amina!" kama anayepigilia msumari.

Wiki haikuisha. Dobi alikuwa kazini, shuka limetandazwa mezani, simu ikaita. Mumewe.

"Dada kaanguka. Tuko hospitali. Upande mmoja hausogei."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Sauti haitoki kabisa."

Alisimama na simu sikioni hata baada ya mume kukata. Aliyemzindua ni mwenzake aliyepiga kelele, "Shuka linaungua!" Dobi akanyanyua pasi, lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa yakimrudia kichwani, moja moja: asiseme tena, asiseme tena.

Jioni hiyo mshona mapazia alimfuata hadi mlangoni, macho yanameremeta.

"Umesikia lakini? Mungu si Athumani! Umemfunga kweli!"

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema nililoliona. Na mimi nina jirani yangu, yule wa ghorofani, nataka naye..."

Dobi akamfungia mlango usoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mchuuzi wa mitaani.

Habari ya maombi yale haikufichika. Jumapili, mama mmoja alimvuta mwanawe asikae karibu naye, kisha akamtabasamia dobi kwa meno yote. Kazini, msimamizi aliyezoea kumfokea kwa kila kunyanzi alianza kumwita "mama yangu" na kumuuliza kama amechoka. Heshima hiyo ilimtisha kuliko matusi. Walimwona kama mtu anayetembea na kisu kisichoonekana, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe alikuwa akijiona hivyo hivyo.

"Daktari kasema ni presha, mama," binti alimwambia. "Shangazi aliacha dawa zamani, alikuwa anasema zinamtia usingizi."

Dobi aliitikia, lakini moyo wenye hofu hauna masikio ya daktari. Mezani mumewe alimwambia aombee chakula kama siku zote, akajibu, "Omba wewe." Mume na binti wakamtazama. Hakuweza. Akifumba macho tu, aliuona mdomo wa wifi umekwenda upande. Na mawazo yalikuwa yakimzungusha: kama Mungu alinisikia, basi nimemwangamiza mtu. Kama hakunisikia, basi na wale pacha hawakuwa jibu langu, na yule fundi pia, na miaka yote hii nilikuwa napigia kelele ukuta. Huku moto, huku maji. Akaacha kwenda alfajiri. Aliwaambia watu kwamba magoti yanamuuma.

Kisha wifi akatolewa hospitali. Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi mbali sana, hivyo mgonjwa aliletwa kwa mdogo wake, yaani nyumbani kwa dobi. Binti akahamia kwenye kochi la sebuleni, shangazi akalazwa chumbani kwa binti. Dobi aliomba zamu za asubuhi, ili mchana awe na mgonjwa.

Alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Alifanya yote bila kumtazama usoni, kwa sababu wifi alikuwa akimtazama muda wote. Anajua, dobi aliwaza. Kuna mtu kamwambia. Siku nyingine mgonjwa alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akauvuta na kuuweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Alitaka kuombewa. Dobi akauchomoa mkono kama aliyegusa chuma cha moto, akasingizia maji yanachemka jikoni. Nyuma yake akasikia sauti nzito isiyo na neno ndani yake: "Mm! Mm!"

Mambo yakaja kuchacha mchana mmoja. Dobi alikuwa akimlisha haraka, macho dirishani. Uji ukapita njia siyo. Wifi akakakamaa, macho yakamtoka, uso ukabadilika rangi. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Dobi alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, na bila kupanga wala kutaka akajisikia anapiga kelele: "Baba, hapana! Baba, hapana! Baba, hapana!"

Uji ukatoka. Wifi akavuta pumzi iliyokwaruza kama mlango wenye kutu. Dobi akakaa sakafuni.

"Wifi," akasema, "mimi niliomba hivi. Siku ile uliposema kuhusu mtoto, nilikwenda kanisani nikaomba ufungwe mdomo. Kwa maneno hayo hayo. Asiseme tena, nilisema."

Wifi alimtazama. Kumbe hakuwa akijua lolote. Dobi aliliona hilo dhahiri sasa. Machozi yakamshuka mgonjwa upande mmoja. Kisha akageuza uso ukutani.

Tangu hapo hakukubali kijiko kutoka kwa dobi. Binti ndiye aliyemlisha. Mume akauliza, "Mmefanyana nini?" Dobi akamwambia yote, akingoja afukuzwe. Mume alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Siku ile nilipaswa kusema neno," akasema mwishowe. "Nikakohoa."



Nyumbani watu wakawa wanapishana koridoni kama wapangaji. Jumamosi moja dobi alikuwa akianua nguo, akasikia kitanda kinagongwa. Akaenda mbio. Wifi alikuwa akikigonga kwa kiganja. Akamwashiria asogee, akamshika mkono, akaurudisha pale pale juu ya kichwa chake.

"Hata baada ya kujua?"

Wifi akaukandamiza.

"Wifi, naogopa. Sijui kitatoka nini mdomoni mwangu."

Ndipo alipohisi kwamba ule mkono uliomshika ulikuwa unatetemeka. Kumbe siku zote hizi alikuwa ameiona hofu yake mwenyewe tu. Huyu mwanamke alikuwa amefungiwa ndani ya mwili wake, hawezi hata kuita aletewe maji, na wa kumlilia alikuwa mtu aliyemwombea mabaya, kwa kuwa nyumbani humo hakumjua mwombaji mwingine.

Dobi akapiga magoti. Yale maneno yake makubwa ya zamani, ya kuamuru na kuvunja, hayakuja, na angekimbia kama yangekuja.

"Baba," akasema. "Sijui nikuombe nini. Tuko hapa wawili. Tunaogopa. Usituache."

Ni hayo tu. Wifi akatoa sauti, na safari hii dobi hakuikimbia.

Wifi hakupona kama wanavyopona watu kwenye ushuhuda. Alianza na silabu, akaja maneno, mengine yakitoka kombo: kijiko alikiita dirisha, akakasirika binti akicheka, kisha akacheka naye. Aliweza kutembea na fimbo hadi uani. Mwanawe alipokuja kumchukua, aliwaaga wote kwa zamu, na alipofika kwa dobi akasema, polepole, "Omba." Haikujulikana kama ni shukrani au amri.

Dobi alirudi kanisani, ila siku hizi hukaa nyuma karibu na mlango. Mshona mapazia alimfuata tena na habari za jirani wa ghorofani.

"Tumwombee," dobi akamwambia, "lakini sitamtuma tena Mungu kwa mtu kama natuma mtoto dukani. Njoo tuanze na moyo wako na wangu." Mwenzake akanuna, akaondoka, baada ya Jumapili kadhaa akarudi.

Hofu haijamtoka. Kila akitaka kuomba huchukua muda kabla ya kufungua mdomo. Juzi binti alichoka kungoja mezani.

"Mama, chakula kinapoa. Mbona huanzi?"

"Nimeshaanza," dobi akasema, amefumba macho.

Mumewe akaweka kijiko chini, akainamisha kichwa. Binti akawatazama, naye akafumba yake.