Mzungu Aliyeivunja Bendi Yangu

Mpaka leo sijaelewa yule mzungu alikuwa anatafuta nini, na mimi si mtu wa kukubali upesi kwamba kitu kimenishinda. Shule niliacha darasa la tatu, nikauza vyuma vikuukuu Thika, nikajenga baa yangu Ruiru kwa mikono hii. Lakini yule aliniweza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Alikuja kukaa kwa dada yake, ambaye mumewe alikuwa meneja wa shamba la kahawa hapo karibu. Kwao Uingereza alikuwa ameongoza bendi za ule muziki walioita wimbi jipya. Akanionyesha picha yake kwenye gazeti: nywele zimesimama kama ufagio, macho yamepakwa wanja.

Nikamuuliza, "Huyu ni wewe ama ni dada yako?"

Akacheka sana. Kaseti yake nayo nilipoiweka, nilisikia kama kiwanda cha nyuzi kinanguruma na mtu analia ndani.

Mimi nilikuwa na vyombo: magitaa, ngoma, spika, vyote vyangu. Nilikuwa na vijana watatu wa kupiga. Kiongozi ndiye niliyemkosa, na Jumapili mchana watu walikuwa wananipita wakienda kucheza kwa baa ya jirani. Bila bendi ya maana, ningefunga. Nikampa mzungu kazi.

Sasa, huku kwetu mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hata jina ni lake. Huyu alikuja mikono mitupu, na siku ya kwanza akawaambia vijana wangu, "Hii bendi yangu." Nikajiambia acha aseme, kufuli ya stoo ni yangu.

Alichukua nyimbo zetu za kucheza akazitia ule ukali wake, kisha akazikata fupi. Watu wa Ruiru wamezoea wimbo unaoenda mpaka chupa iishe. Nikajua nimeangamia. Ngai, Mungu wangu! Watu wakajaa. Walitoka Murera, walitoka mtaa wa Landless kule Thika, mpaka jirani yangu akaja kuchungulia wateja wake wameendea nini.

Ndipo Jumapili moja, ukumbi umefurika, mzungu akashika maikrofoni. "Asante. Leo mwisho. Bendi nimevunja."

Nikapanda jukwaani. "Umevunja kwa ruhusa ya nani? Vyombo ni vyangu!"

"Vyombo chukua, mzee. Bendi nimevunja."

"Kwani tumekukosea wapi?"

"Hapana kosa. Sasa watu najua nyimbo yote. Watu naimba kabla yangu." Akasema hata kwao alivunja bendi hivyo hivyo, kila moja ilipoanza kupendwa.

"Wewe umerogwa," nikamwambia. "Mimi baa ikijaa naongeza viti. Sifungi mlango."

"Ikijaa, wewe nafurahi. Mimi naogopa."

Hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Kuogopa nini? Watu wanakupigia makofi!

Akashuka, akaenda zake. Yule kijana wa ngoma akaniangalia. "Mzee, sasa hii bendi ni ya nani?"

Vyombo vyangu vilikuwa pale pale, vimenyamaza, na watu wameanza kutafuta makoti yao.

"Pigeni," nikasema.

"Tupige nini?"

"Zile zile zake. Haraka, bana!"

Wakapiga. Makoti yakarudi kwenye viti.

Jumapili iliyofuata mzungu akaja, akasimama kwenye foleni kama mtu yeyote. Bawabu wangu akamzuia. "Leo wewe si bendi, boss. Lipa kama wengine."

Akalipa akitabasamu. Akaingia katikati ya watu, akicheza vibaya sana, akiimba kwa nguvu nyimbo alizozitengeneza yeye mwenyewe. Nikampelekea soda. Nilitaka kumuuliza aliogopa nini, lakini sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeniinamia sikioni.

"Bendi nzuri, mzee! Kiongozi nani?"

Nikamjibu ni mimi. Sijui kama nilidanganya.